Kuku Wako, Ukuta wa Jirani

Maneno ya afisa mifugo wa kata mbele ya mkutano wa wakazi wa mtaa mmoja jijini Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wetu, mheshimiwa diwani, wajumbe wa mashina, wazee, kina mama, na ninyi vijana mliojibanza huko nyuma kwenye kivuli: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, tumsifu Yesu Kristo. Nimepewa nusu saa, na najua saa kumi na moja kuna mpira, kwa hiyo sitazunguka.

Mwenyekiti amenikabidhi barua mbili. Ya kwanza imesainiwa na kaya za upande wa bondeni. Inataka kuku wapigwe marufuku mtaa mzima, na atakayekutwa nao atozwe faini ya shilingi elfu hamsini. Ya pili imetoka kwa wafugaji. Inasema viwanja tulinunua, nyumba tumejenga kwa jasho letu, mtu asije kutupangia tufuge nini ndani ya uzio wetu. Nimezisoma zote mbili usiku, kila moja mara mbili. Walioandika wote wana hoja, na wanachokiomba wote hakiwezekani.

Nianze na faini. Mtaa si kijiji. Kijijini, halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo zake kwa mujibu wa Sura ya 287, ile ya mamlaka za wilaya. Sisi wa mjini tuko chini ya Sura ya 288, ya mamlaka za miji, na humo mwenye kutunga sheria ndogo ni halmashauri yenyewe, manispaa au jiji. Mkutano huu unaweza kujadili, kusuluhisha, kukubaliana utaratibu, na kupeleka mapendekezo kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Diwani anayachukua. Rasimu inatangazwa ili wananchi watoe maoni na pingamizi, baraza la madiwani linapitisha, waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa anaidhinisha, halafu inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Hapo ndipo faini inakuwa faini. Kabla ya hapo, mtu akikubishia hodi anakudai elfu hamsini ya kuku, muombe akuonyeshe kifungu cha sheria na akupe namba ya malipo ya serikali. Akikosa vyote viwili, mpe maji ya kunywa aende zake.

Wafugaji mmepiga makofi. Subirini.

Hiyo ya "ndani ya uzio wangu" nayo haisimami. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inazungumzia kero, na mnyama anayefugwa kwa namna inayosumbua au kuhatarisha afya za watu anahesabika kuwa kero, hata kama umemfungia nyuma ya ukuta wa futi kumi. Bwana afya anaweza kukuandikia ilani ya kuiondoa kero hiyo ndani ya muda, na ukikaidi mtakutana mahakamani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na jirani yako wa bondeni ni mmoja wao. Kelele nazo zina kanuni zake, za mwaka 2015. Uzio unazuia kuku kutoka. Harufu unaiacha ipite.

Sasa angalieni sheria hizo zinavyosema. Hazimuulizi mtu kama ana kuku. Zinauliza anawafugaje. Huo ndio msimamo wangu leo, na ndio nitakaouandika kwenye kata: utaratibu wetu ushughulike na kero, kuku wenyewe tuwaache. Wala hatutakuwa wa kwanza. Kanuni zetu wenyewe za kilimo cha mjini za mwaka 1992 hazikufukuza ng'ombe mjini, ziliweka kikomo cha ng'ombe wanne, na wawe bandani. Kampala walitunga sheria ndogo za kilimo na mifugo ya mjini mwaka 2006. Nairobi, ambako miaka mingi askari wa jiji walikuwa wakikamata mifugo, kaunti ilitunga sheria ya kukuza na kudhibiti kilimo cha mjini mwaka 2015. Wote walifika hapo baada ya kuona marufuku haimalizi kuku, inawaficha tu. Na kuku aliyefichwa hachanjwi.

Barua ya marufuku ina kosa jingine. Mtaa huu una mama mwenye kuku wanane wa kienyeji, mayai ni ya watoto na jogoo ni wa sikukuu. Una kijana mwenye machotara sitini, anauza kwa oda. Una mstaafu aliyeweka kiinua mgongo chake kwenye vifaranga mia tatu wa nyama. Barua inawaita wote "wafugaji". Kero zao hazifanani hata kidogo. Wa nane wanazurura, wanaparua mchicha wa watu na kupanda kwenye baraza. Wa mia tatu hawatoki hata siku moja, ila ukipita kwa nyuma pua inakwambia wapo. Kanuni moja kwa wote wawili itamwonea mmoja na kumwachia mwingine.

Nikae kwenye harufu, maana ndiyo iliyoandika barua ya kwanza. Mengine ni nyongeza.

Kuku mmoja wa mayai anakula gramu 110 hadi 120 za chakula kwa siku, na mavi mabichi anayotoa yanakaribia uzito huo, mara nyingine yanazidi. Mwenye kuku mia anazalisha kilo kumi na zaidi kila siku, kwa wiki inapita kilo sabini. Kuku hana haja ndogo ya peke yake. Kile cheupe mnachokiona juu ya kinyesi ndicho mkojo wake. Kikikauka, hakina neno. Kikilowa, vijidudu vinakigeuza amonia, ile inayokuchoma macho ukifungua banda asubuhi. Kwa hiyo ukiniambia banda lako linanuka, mimi sianzi kutazama mavi. Natafuta maji yanaingilia wapi.

Mara nyingi yanaingilia sehemu tatu: chombo cha maji kinachovuja au kilichowekwa chini mno, kuku wanachezea na kumwaga, paa lenye tundu, na sakafu iliyo chini kuliko uwanja, ikifika masika maji yanatiririkia ndani. Dawa ya vyote hivyo ni nyundo, matofali mawili na nusu siku ya kazi. Zile za kupuliza zinazouzwa madukani kuondoa harufu siwazuii kununua, lakini ukipulizia banda lililolowa, kesho kutwa utarudi dukani.

Kipimo kipo mkononi mwenu. Chukua matandiko, yawe maranda au pumba za mpunga, jaza kiganja, kamata kwa nguvu, kisha fungua. Yakimwagika, banda liko sawa. Yakibaki bonge, yamelowa, toa hiyo sehemu leo, weka kavu, na mengine yageuze kwa reki. Mkaguzi hahitaji mashine kwa hili. Hata mjumbe wa shina anaweza kukamata kiganja cha maranda mbele ya mwenye banda, na wote wawili wakaona jibu.

Nzi je? Kwa joto la Dar es Salaam, nzi anatoka yai hadi kuruka ndani ya siku saba hadi kumi. Mavi yaliyolowa yakikaa wiki mbili nyuma ya nyumba, umeshalea kizazi kizima na kukituma kwa jirani kwenye chakula. Yakiondoka au yakifunikwa vizuri kila wiki, funza wanakufa kabla hawajaota mabawa. Ndiyo maana kwenye mapendekezo nimeandika siku saba. Si namba niliyoipenda tu.

Na mbolea ni mali. Wakulima wa bustani za mchicha na matembele wanaitafuta, wapo wanaokuja na viroba vyao wenyewe. Ikiwa mbichi inaunguza mboga, kwa hiyo wanailaza kwanza. Nilichokikuta huku juu ni viroba kumi na vitatu vimeegemezwa ukuta wa jirani, upande wa jirani, vinasubiri mteja tangu mwezi uliopita. Mwenye viroba yupo hapa, simtaji. Nadhani leo jioni vitaondoka.

Kuna jambo la upepo ambalo wajengaji wa mabanda hatuliwazi, na sisi ni watu wa pwani. Banda likijengwa Januari, wakati wa kaskazi, unalitazama unaona halimsumbui mtu. Kusi ikianza, anayelia ni mwingine kabisa. Kwa hiyo mfugaji asinijie na hoja kwamba "mbona jirani yule hajalalamika miezi mitatu". Aulizwe mwezi wa saba.

Sasa umbali. Kuna mtu amependekeza banda liwe mita thelathini kutoka nyumba ya jirani. Inasikika vizuri. Lakini viwanja vyetu vingi hapa ni mita ishirini kwa ishirini, na humo kuna nyumba, choo, shimo la maji taka na mwembe. Ukisimama katikati kabisa ya kiwanja kama hicho, uko mita kumi kutoka mpakani. Mita thelathini maana yake ni marufuku, ila imevaa nguo nyingine. Anayetaka marufuku aiseme kwa jina lake tuijadili. Mimi napendekeza mita tatu kutoka ukuta wa mpakani, banda lisielekee dirisha la chumba cha kulala cha jirani wala jiko lake, na kwa mwenye eneo dogo kuliko hapo, apunguze idadi. Kwa kuku wa mayai hesabu watano mpaka sita kwa mita moja ya mraba, wa nyama kama kumi. Anayewabana zaidi ya hapo anaongeza unyevu, magonjwa na kudonoana, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo ina la kumwambia.

Kuhusu idadi, nimegawa mafungu matatu. Kuku wasiozidi ishirini ni wa nyumbani, mwenye nao ajiandikishe kwa mjumbe wake na afuate usafi, basi. Ishirini na moja hadi mia, nije nilione banda kabla vifaranga havijaingia. Zaidi ya mia ni biashara, haijalishi unaiitaje, ipitie kata na bwana afya, na majirani waliopakana naye waulizwe kwa maandishi. Mtasema mia ni wachache mno, au wengi mno. Semeni. Hiyo ni namba ya kujadiliwa.

Nakuja kwa jogoo, naona mnacheka tayari. Wahenga walisema jogoo wa shamba hawiki mjini. Wahenga hawakulala mtaa huu.

Malalamiko ni ya saa kumi usiku, na mfugaji anajibu kwamba jogoo anawika akiona mwanga, basi atamfunika gizani. Haisaidii sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walionyesha mwaka 2013 kwamba jogoo ana saa yake mwilini. Waliwaweka kwenye mwanga hafifu usiobadilika, pasipo alfajiri wala jioni, wakaendelea kuwika kwa mzunguko wa karibu saa 24. Baadaye wakaonyesha kwamba jogoo mwenye cheo cha juu ndiye anayeanza, wengine wanafuata kwa ngazi zao. Wafugaji wetu hilo la vyeo mnalijua bila Japani. Mwenye majogoo manne ana kwaya.

Kitu wasichokijua wengi, na nimeulizwa leo hii nikiwa njiani kuja hapa: mtetea hahitaji jogoo ili atage. Anataga hivyo hivyo, ila mayai hayo hayaanguliwi. Anayefuga kwa ajili ya mayai ya kula hana sababu yoyote ya kuwa na jogoo. Anayetaka vifaranga, jogoo mmoja anatosha mitetea kumi. Kuna nyumba hapa ina majogoo saba na mitetea sita, hiyo sijui tuiite nini. Majogoo wachanga wanaanza kuwika wakikaribia miezi minne, mitano. Wauzeni kabla. Pendekezo ni jogoo mmoja kwa kaya, na kwa nyumba zilizobanana ukuta kwa ukuta, asiwepo kama jirani amelalamika mbele ya mjumbe na ikaonekana kweli.

Hapo hapo niwaseme na walalamikaji. Mwaka huu nimeitwa mara mbili kuona kuku waliolishwa sumu ya panya. Kumuua mnyama wa mtu kwa makusudi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, hata kama amekula mchicha wako wote. Tena sumu haichagui, mtoto anaokota, paka anakula, na kuna watu, tusidanganyane, wanaomchinja haraka kuku anayeyumba wakamla. Kuku akiingia kwako, mrudishe, kamuone mjumbe. Akiingia mara ya tatu, mwenye kuku afungiwe njia: ama banda, ama wavu, ama awauze. Kuku wa kuzurura mjini wakati wake umekwisha. Najua litawauma wenye kuku wanane, lakini mita nne za wavu zinatosha kabisa kwa hao.

Wapangaji. Kwenye nyumba ya vyumba sita yenye uwanja mmoja, ruhusa ya mwenye nyumba peke yake haitoshi. Waliomo wote waulizwe, kwa sababu uwanja huo huo ndio wa kufulia, kupikia na watoto kucheza. Mwenye nyumba anayeishi kwingine hasikii harufu.

Wauza kuku wa kuchinja, dakika moja. Maji ya kunyonyolea na manyoya hayaendi kwenye mfereji wa barabara. Mnajua mfereji ule unaishia kwa nani ikinyesha. Chimbeni shimo, mlifunike. Hili halihitaji sheria mpya, iliyopo inatosha kuwafikisha pabaya.

La mwisho ndilo linalonileta hapa kama mtu wa mifugo, na hakuna barua iliyoligusa. Mdondo, wengine mnauita kideri. Kuku anasinzia, anahara kijani, anapumua kwa shida, shingo inapinda, anakufa. Hauna tiba. Ukiingia kwenye kuku wasiochanjwa unaweza kuwamaliza karibu wote. Na hapa ndipo hoja ya "kuku wangu, uzio wangu" inapokufa kabisa, kwa sababu unaletwa na viatu, trei za mayai, kuku aliyenunuliwa sokoni, na yule jirani aliyeona wake wameanza kusinzia akakimbilia kuwauza. Aliyekufa naye anatupwa bondeni, mbwa anamrudisha mtaani.

Chanjo ipo, inatengenezwa hapa hapa nchini, Kibaha, na Wakala wa Maabara ya Veterinari. Inaitwa Temevac. Inastahimili joto kuliko chanjo za zamani, ni tone moja jichoni, kifaranga na jogoo mkubwa dozi ni ile ile, na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Tatizo letu ni chupa. Chupa moja inatosha mamia ya kuku, na ikishafunguliwa haikai. Mama mwenye kuku wanane hawezi kununua chupa nzima, kwa hiyo hachanji, kwa hiyo ugonjwa unaanzia kwake unapanda mpaka kwa mwenye mia tatu. Tukichanja mtaa mzima siku moja, gharama inagawanyika mpaka mtu haisikii. Hilo haliwezekani kama sijui kuku wako nyumba zipi. Ndiyo sababu nimeng'ang'ania kujiandikisha. Januari 2017 wenzetu Uganda walithibitisha mafua makali ya ndege kando ya Ziwa Victoria, kwa ndege wa porini na wa kufugwa. Jambo kama hilo likitokea karibu na hapa, swali la kwanza nitakaloulizwa ni kuku wako wapi, na sitaki jibu liwe "wamefichwa kwa kuogopa faini".

Basi, ninachoomba kiingie kwenye muhtasari wa mkutano kiende kata ni hiki: kujiandikisha kwa wote, mafungu matatu ya idadi, mita tatu za mpaka, mbolea siku saba, kuku wasizurure, jogoo mmoja, chanjo ya pamoja, na aliyekufa afukiwe au achomwe. Wakati kata na halmashauri wanalitafakari, haya yote tunaweza kuanza kuyafuata kwa makubaliano, bila faini. Atakayekataa, zile sheria nilizozitaja mwanzo zinamsubiri, na bwana afya yupo, amekaa pale na daftari lake.

Chanjo ya kwanza tufanye Jumamosi ijayo, saa kumi na mbili asubuhi, kabla hamjafungua mabanda. Kuku akishatoka mnakimbizana naye mpaka saa nne. Majina na idadi yafike kwa wajumbe kabla ya Alhamisi jioni, ili nijue chupa ngapi nichukue. Idadi iwe ya kweli, tafadhali. Mwenye arobaini akiandika kumi, hao thelathini hawatapata tone.

Mwenyekiti, nimalizie hapo, tupokee maswali. Naona yule mama wa kanga ya njano ameshanyoosha mkono tangu nilipotaja jogoo.